Pedi ya nje nene, ya ndani imekwisha

Haipiti wiki hapa gereji bila mteja kutugombeza hivi kuhusu pedi za breki: "Fundi, nimemulika mwenyewe kwa tochi ya simu, pedi bado nene. Hii ya kubadilisha inatoka wapi?" Juzi alikuwa mama mmoja wa Tudor, hapa Mombasa. Aliondoka hata gurudumu halijafunguliwa, akituita wezi mbele ya watu. Basi na tulieleze hili kwa maandishi.

Ukimulika kwenye matundu ya rimu unaona pedi ya nje. Kila diski (ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi) ina ya ndani pia, na hiyo huioni vizuri mpaka gurudumu litoke. Kwa Probox, Vitz na magari mengi madogo tunayoendesha hapa, kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ina pistoni upande wa ndani tu. Pistoni husukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima huteleza kwenye pini zake na kuivuta ya nje nayo ibane. Pini zikikwama, pedi ya ndani ndiyo inayofanya kazi ya zote mbili, na ndiyo inayolika.

Na pwani hii pini hukwama kweli. Mpira unaozifunika ukichanika, unyevu wa chumvi unaingia, grisi inakauka, kutu inashika. Gari linalolala Nyali karibu na maji tunalijua kabla mwenyewe hajatwambia anakaa wapi. La kubeba samaki ndiyo usiseme. Kuna kijana alituletea Probox ya kuchukulia samaki Shimoni. Pedi ya nje ilikuwa na kama milimita 7, hata sisi tungesema bado. Ya ndani ilikuwa bati tupu, linang'aa kwa kusagana na chuma, na diski imechimbika mifereji ya kushika kucha. Mlio alikuwa akiusikia tangu Ramadhani, akawa anaongeza redio. Kazi ya pedi ikageuka kazi ya pedi, diski mbili na pini.

(Ule mkwaruzo wa asubuhi unaoisha ukikanyaga breki mara mbili tatu ni kutu ya usiku kwenye diski. Huo usimlipe mtu.)

Hapo ndipo huja ombi tunalolichukia: "Niwekee pedi tu, diski tutaona mwisho wa mwezi." Pedi mpya ni bapa. Kwenye diski yenye mifereji inagusa matuta peke yake, gari linachelewa kusimama, na pedi uliyoinunua jana inaliwa upesi. Diski ikiwa bado na unene tunaipeleka kuchongwa, ni nafuu kuliko mpya. Unene wa mwisho unaoruhusiwa mara nyingi umepigwa chapa kwenye diski yenyewe, nasi tunakupimia ukiona. Ikishuka chini ya hapo hatuchongi, hata ukiapa.

Sasa bei. Tunatoza 1,500 kwa magurudumu mawili ya mbele, na tunajua barabarani utafanyiwa kwa mia tano. Wa mia tano anasukuma pistoni kwa bisibisi, anachomeka pedi, anafunga. Sisi tunachomoa pini, tunazisugua, tunatia grisi ya breki isiyoharibu mpira. Dereva mmoja wa teksi alipakwa grisi ya kawaida huko alikopita: mpira ukavimba, pini zikabana, na alipofika Kibarani gurudumu lilikuwa linanuka kuungua. Ile elfu moja aliyoiokoa haikutosha hata kumvuta kutoka pale.

Gurudumu likishatoka tunapitisha mkono ukingo wa ndani wa tairi, maana nako huliwa bila mwenyewe kuona, na tunasoma tarehe yake. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, tuseme 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hilo hatulitozi.

Kuanzia sasa, kalipa ikifunguliwa tutakuita uje uone kwa macho yako kabla hatujataja spea yoyote. Pedi kuukuu utaondoka nazo ndani ya boksi la mpya. Ukija na pedi zako tutazifunga, lakini dhamana ni ya kazi yetu, si ya pedi. Kufungua na kuangalia tu ni 300, na ukifanya kazi kwetu tunazikata kwenye bili. Jumamosi foleni huwa ndefu, kwa hiyo anayetaka kusubiri gari lake afike kabla ya saa tatu asubuhi.