Mama anataka nimwahidi kuwa tutaonana, nami siamini

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Kisumu.

Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa mjini. Nina mke na watoto, na kwetu Maragoli, Kaunti ya Vihiga, mimi ndiye kifungua mimba. Siamini kuwa Mungu yupo, wala siamini kwamba mtu akifa kuna mahali anakokwenda. Hilo nimeishi nalo miaka mingi na halininyimi usingizi. Linaloninyima usingizi ni mama yangu. Moyo wake umechoka, madaktari wametushauri tumtunze nyumbani, na kila nikienda kumwona ananiuliza swali moja tu: "Baba, tutaonana?"

Yeye mwenyewe haogopi kufa. Anachoogopa ni afike aliko marehemu baba, awakute wazazi wake, kisha akae akitungoja mmoja mmoja, na mimi nisitokee. Ananiambia haya amenishika kidole gumba, maana mkono wake wa kulia hauna nguvu tangu alipopatwa na kiharusi, na kidole ndicho anachoweza kukikamata vizuri.

Nikueleze nilivyofika hapa. Mdogo wangu ni mchungaji kule Nakuru, na huwaambia jamaa kwamba nilipotoshwa na masomo ya binadamu kutokana na nyani. Ni kweli mambo hayo hunivutia sana. Fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani wasio na mkia aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita, mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alilipata hapa hapa ziwani, kisiwa cha Rusinga, mwaka 1948. Lakini imani yangu haikuondolewa na mifupa ya kale. Iliondoka polepole nikiwa kazini, nikitazama damu.

Ugonjwa wa selimundu umeingia katika nyumba nyingi za huku kwetu. Ukiiweka damu ya mtoto mgonjwa chini ya hadubini, unaona chembe nyekundu za mviringo, na katikati yake nyingine nyembamba, zimepinda na kuchongoka pande zote mbili. Hizo ndizo zinazokwama kwenye mishipa midogo, mtoto akalia usiku kucha akisema mifupa inamuuma. Chanzo chake kinajulikana: amerithi jeni moja kwa baba na ya pili kwa mama. Aliye na jeni moja tu kwa kawaida haugui, tena anakingwa sana dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni hiyo imedumu vizazi na vizazi katika sehemu zenye mbu kama ukanda huu wa ziwa. Alikuja mama mmoja mdogo na mwanawe. Alikuwa ameshazungushwa kwa waombezi, na wakwe walikuwa wamemwambia kuwa amevunja mwiko, hiyo ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Alipoelezwa kwamba nusu imetoka kwake na nusu kwa mumewe, na kwamba hakuna aliyekosea lolote, aliketi kwenye benchi akalia kwa kufarijika. Mimi nilikuwa bado mwenda kanisani wakati huo. Niliona ukweli ukimtua mtu mzigo ambao maombi yalikuwa yamemwongezea, na sikuweza kurudi nilikotoka.

Kuhusu maisha baada ya kifo, mwalimu wangu amekuwa mama mwenyewe bila kujua. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote, na ukikosa oksijeni kwa dakika chache huanza kufa. Kwa mama damu ilizibwa katika sehemu ndogo ya upande wa kushoto, na kwa miezi kadhaa hakuweza kutaja jina langu. Alinitazama, akajua ni mimi, akatafuta neno, akalikosa, machozi yakamtoka. Na bado mtu akianzisha wimbo wa kanisani kwa Kilogooli, lugha yetu, aliuimba beti zote. Mdogo wangu alisema ni roho inayoimba. Mimi najua kuwa nyimbo hutegemea pia sehemu nyingine za ubongo, na wagonjwa wengi wa namna hiyo huimba wasichoweza kusema. Nikajiuliza: ikiwa kuziba kwa mshipa mmoja kulimnyang'anya majina ya wanawe, ubongo wote ukizimika ni nini kitakachobaki cha kutukumbuka? Sijapata jibu linaloniridhisha ila lile gumu.

Sasa basi. Mke wangu, Mkatoliki mwenye imani na mwenye huruma, ananiambia nimjibu mama ndiyo, yaishe. "Neno moja litakupunguzia nini?" Mdogo wangu anataka zaidi: nipige magoti mbele ya jamaa wote nitubu, mama akiona. Hilo sitalifanya. Kifungu cha 32 cha Katiba kinamlinda kila Mkenya na dhamiri yake, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, kwa hiyo siko peke yangu. Lakini mbele ya mama mzazi, Katiba itanisaidia nini?

Kinachonifunga ulimi ni malezi yake. Mama ni Mkweka, yaani muumini wa kanisa la Friends, kama walivyo wengi kwetu tangu wamishonari wa Friends walipofika Kaimosi mwaka 1902. Wakweka tangu zamani hukataa kula kiapo, kwa kuwa mtu mkweli hana haja ya kuapa: ndiyo yake ni ndiyo, siyo yake ni siyo. Mama aliishi hivyo. Utotoni nilimwona akirudi sokoni kwa miguu, mvua inanyesha, kumrudishia muuza samaki chenji aliyozidishiwa. Mwanamke huyo ndiye ninayeambiwa nimdanganye katika siku zake za mwisho, kwa jambo analolithamini kuliko yote. Nikimwambia ndiyo, nitakuwa nimemtendea kama mtoto mdogo wa kubembelezwa. Nikimwambia siyo, nitamwongezea maumivu ambayo hakuna dawa ya kuyatuliza.

Hadi leo nimekuwa nikimjibu, "Mama, mimi nipo." Anatabasamu kidogo, kisha anauliza tena.

Kuna jambo ambalo ningeweza kumwambia bila kudanganya. Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna mitokondria, vile vijimtambo vinavyotoa nguvu tunayoishi kwayo, na hivyo hurithiwa kwa mama. Nguvu inayonisukuma kupanda matatu hadi Mbale, kule kwetu Vihiga, kwenda kumwona inatokana na kitu alichonipa yeye, naye alikipata kwa nyanya, na dada yangu amewapa wanawe. Kwangu huo ni mwendelezo wa kweli, na nikiufikiria nashindwa kujizuia kulia. Lakini mama ameuliza kama tutaonana. Hakuuliza kuhusu seli.

Naomba usinitumie hoja za kuthibitisha kuwa mbingu ipo. Nimezisikia zote kwa mdogo wangu. Nisaidie kwa haya: je, kuna namna ya kumjibu mama ikampa amani nami nisiwe mwongo? Na ikiwa haipo, ni nani mwenye haki zaidi, yeye anayeondoka na hofu moyoni, au mimi nitakayebaki na neno nililolisema? Nikikubali kusali naye, nimshike mkono tu huku yeye akisema maneno, je, huo nao ni uongo?

Mwisho wa wiki ijayo jamaa wote watakutana nyumbani, na mdogo wangu ameshasema ataniita mbele. Nitashukuru nikipata neno lako kabla ya hapo.

Kifungua Mimba,
Kisumu