Unafuu wa mashine ya gemu uko kwenye CD yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyewashauri wazazi waache kununua PlayStation na mashine za aina hiyo, badala yake wanunue kompyuta moja ambayo mtoto ataisomea mchana na kuichezea gemu jioni. Kuhusu masomo sina ubishi naye. Kuhusu gemu, mimi ambaye huu ni mwaka wa 12 naendesha banda la gemu hapa Morogoro, nina neno.

Kompyuta ambayo wazazi wengi wanaimudu ni ile iliyokwisha kutumika ofisini, nayo haiwezi gemu mpya ya mpira, kwa kuwa haina kadi ya michoro ya kutosha, yaani kile kifaa kinachotengeneza picha za gemu kwenye skrini. Ukimwomba fundi aiongeze kadi hiyo, mara nyingi atakuambia kwamba kisanduku cha umeme kilichomo ndani hakiihimili, na hicho nacho kibadilishwe. Hata kompyuta iliyo nzima inaweza kuachwa njiani: Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta lililoanza mwaka 2003, liliacha kuhudumia Windows 7 na Windows 8 tangu Januari 1, 2024.

Mashine ya gemu haina masumbuko hayo. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na mwaka 2013 bado ilitengenezewa gemu ya mpira ya FIFA 14, bila mwenye mashine kutakiwa kubadilisha chochote ndani yake. Banda langu lilianza na mashine 2 za aina hiyo, na hapakuwa na mtoto mtaani kwetu aliyehitaji kufundishwa kuzitumia. Unatia CD, unashika pedi, mechi inaanza, na anayefungwa anampisha mwenzake.

Ninalotaka wazazi walijue, Mhariri, ni kwamba unafuu huo umeanza kuondolewa, na wauzaji wetu hawasemi. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 ilikuwa ya aina mbili: yenye sehemu ya CD kwa dola 499 za Marekani, na isiyo nayo kwa dola 399. Novemba 2024 ikaja PlayStation 5 Pro ya takriban dola 700, ambayo pamoja na bei yake yote haina sehemu ya CD. Anayeihitaji anainunua peke yake, na siku ya kuifunga lazima awe na intaneti.

Miaka miwili iliyopita nilinunua mashine isiyo na sehemu ya CD kwa sababu ya bei, nikidhani nimepata nafuu. Gemu ya kwanza niliyoipakua ilizidi GB 50. Nilitumia mabando ya usiku kwa karibu wiki nzima, umeme ulikatika mara mbili, na wateja wakahamia kwa jirani mwenye mashine ya zamani. Iliponichosha gemu ile sikuweza kuiuza wala kumwazima mtu, ilhali CD zangu nimezoea kuziuza kwa wenzangu wa Msamvu kila toleo jipya linapotoka, na fedha hiyo ndiyo huchangia kununua jipya. Ni kweli kwamba hata gemu ya CD siku hizi huomba masasisho, lakini mechi ya vijana wawili waliokaa benchi moja huchezeka bila intaneti.

Wenye kompyuta walishaipoteza CD zamani, na matokeo yake tumeyaona. Mei 2024, Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, ilipotaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma ya akaunti hizo, Tanzania ikiwemo. Sharti lilifutwa siku chache baadaye kutokana na malalamiko ya wachezaji, lakini aliyekuwa ameilipia gemu alikwisha kuonja hofu ya kufungiwa mali yake na mtu aliye mbali. Gemu iliyo kwenye CD haiulizi unaishi nchi gani.

Kwa hiyo ninawaomba waagizaji na wenye maduka wamweleze mnunuzi waziwazi, kabla hajatoa fedha, kama mashine ina sehemu ya CD au haina, na waendelee kutuletea zenye nayo hata kama bei yake imezidi kidogo. Mzazi naye, hasa anayeishi mahali ambapo bando hununuliwa kwa siku, aulize swali hilo mwanzo kabisa, kabla hajauliza rangi wala idadi ya pedi.

Mwenye banda la gemu,
Morogoro