Salamu za Krismasi kutoka Bukavu, tukimkumbuka Mama Mchungaji wa Kalehe

Wapendwa wetu mlio Bukavu, Goma, Uvira na ninyi mlio mbali zaidi, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia salamu hizi kwa niaba yetu sisi tuliolelewa katika kanisa la Kalehe na ambao sasa makao yetu ni Bukavu. Kwa desturi salamu zetu za Krismasi huwa fupi. Lakini mwaka huu wa 2025, mwezi wa nane, tulimzika Mama Mchungaji, mke wa marehemu mchungaji wetu, akiwa na umri wa miaka 89, na sidhani kama yuko mmoja wetu awezaye kuikumbuka Krismasi ya utoto wake bila kuuona uwanja wa nyumba ya mama huyo.

Alizaliwa wakati Bukavu ingali ikiitwa Costermansville, akaolewa kabla ya uhuru wa 1960, na tangu hapo maisha yake yakafuata barua za uhamisho wa mumewe mpaka walipofika Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, wakadumu. Wake wa wachungaji wanalijua jambo hili: barua huja mihogo ikiwa haijakomaa shambani, na mihogo hiyo huja kuliwa na mke wa mchungaji anayefuata. Mama alikuwa akisema kwamba yeye naye alikula ya waliomtangulia, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Mshahara wa mchungaji ulikuwa sadaka, na sadaka mara nyingi ilikuwa kikapu cha maharagi. Jembe la mama ndilo lililoilisha nyumba pamoja na wageni wake, ambao hawakukoma kuja.

Vijana wa leo hushangaa wakiambiwa kwamba iko miaka ambayo Krismasi haikuwa sikukuu katika nchi hii ya Kongo. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliagiza watu waache majina yao ya Kikristo, na mwaka 1974 ikaiondoa tarehe 25 Desemba katika siku za mapumziko. Kusali hakukukatazwa, ila mtu alitakiwa awe kazini. Desemba ile Krismasi iliangukia Jumatano, na waganga wa hospitali, makarani na wafanyakazi wa mashamba ya kahawa walitazamiwa mahali pao kama Jumatano nyingine yoyote. Mchungaji akaweka ibada kabla ya mapambazuko, na hilo limeandikwa katika daftari la kanisa. Ambalo halikuandikwa ni kwamba mkewe hakulala usiku ule, alikuwa jikoni akichemsha chai na viazi vitamu ili asiwepo mtu wa kwenda kazini na njaa siku aliyozaliwa Bwana, na kwamba jioni aliwakusanya watoto wa mtaa mzima, wa Wakatoliki wakiwemo, akawalisha wali na sambaza, wale samaki wadogo. Mchungaji alihubiri vizuri, Mungu amrehemu, lakini kwa maoni yangu iliyoilinda sikukuu Kalehe katika miaka ile ni sufuria ya mkewe kuliko mimbari.

Miaka mitano baadaye ikaja Krismasi nyingine ambayo wazee hawajaisahau. Siku yenyewe ya Krismasi ya 1979 ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na zaire 10, fedha yetu ya wakati ule, hazina thamani tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Wamama wa kanisa walikuwa wameweka akiba ndani ya kopo la maziwa, noti juu ya noti, kwa ajili ya mabati ya kanisa. Mama ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kopo hilo. Alipanda gari la mizigo mpaka Bukavu, akasimama katika foleni pamoja na umati, akarudi na sehemu tu ya zile fedha, na nyingine zikabaki karatasi. Alipofika aliwaita wamama wote, akamwaga kopo juu ya mkeka mbele yao, wakahesabu pamoja kilichokuwa hai na kilichokufa, pasipo mtu kumshuku mwenzake. Kuanzia mwaka uliofuata akiba ya wamama ikawa ni mbuzi na vitenge. (Mbuzi naye huugua na huibwa, vita vya 1996 vilipopita hakuna mbuzi hata mmoja aliyebaki, kwa hiyo sisemi kwamba shauri lile lilikuwa kamili.)

Juu ya vita vyenyewe sitaandika mengi, maana kila nyumba ina yake ya kusimulia. Itoshe kusema kwamba mlango ule ulipokea waliokimbia kutoka kila upande, mwaka baada ya mwaka. Hata baada ya mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023, yaliyoviharibu vijiji vya Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400, bibi huyu ambaye tayari alikuwa akitembea kwa fimbo aliwaachia wasichana wawili kitanda chake, akahamia kwenye mkeka, na hakuna aliyeweza kumbishia.

Kwenye mazishi ilisomwa Mithali 31, kama inavyosomwa kwa kila mama wa kanisa. Ningekuwa mimi ndiye wa kuchagua, ningesoma Luka 2, mahali panaposimuliwa kwamba Mariamu na Yosefu walikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Na hapo ningetaja pia jambo ambalo lilinyamaziwa siku ile: mumewe alipofariki, mama aliyewapa watu nafasi kwa miaka mingi alitakiwa kuiacha nyumba ya kanisa ili mchungaji mpya aingie, naye akahamia chumba cha kupanga. Utaratibu ndio ulivyo, na mchungaji mpya hana kosa. Lakini wajane wa wachungaji wetu wako wengi, na kuwapigia makofi kwenye jubilei hakuwapatii paa.

Kwa sababu hiyo wamama wa Kalehe wameamua kwamba sadaka ya Krismasi ya mwaka huu ianze kununua kiwanja cha nyumba ya wajane, nasi wa Bukavu tumekubali kuwaunga mkono. Tangu mji wetu ulipotwaliwa na kundi la M23 mwezi wa pili mwaka huu benki zimefungwa, kwa hiyo mwenye kutoa amkabidhi mtunza hazina mkononi na aandikishwe katika daftari mbele ya mashahidi wawili. Mbuzi pia anapokelewa.

Tunawatakia Krismasi njema na mwaka 2026 wenye amani, ninyi pamoja na wote mnaoishi nao.