Uwanda hauchuji sabuni

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia, lakini ile makala yenu ya kuosha gari bila kudhuru mazingira siwezi kuiacha ipite. Mwandishi amewashauri wenye gari waoshee kwenye majani, sio barabarani, ili ardhi iichuje sabuni. Hapa Unguja, penye udongo wa kinongo wenye kina kirefu, kama Dole au Kizimbani, shauri hilo ni zuri. Paje, Jambiani na Makunduchi halifai hata kidogo.

Kule ni uwanda. Udongo ni haba, chini yake ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, na maji yakishaingia kwenye ufa hayakuti cha kuyachuja mpaka yafike kwenye maji yale yale tunayoyateka. Hata sabuni iliyoandikwa kwamba inaoza huozeshwa na vijidudu vya udongoni, navyo vinataka udongo na vinataka muda. Pemba udongo upo, lakini kuna miteremko: gari ikioshewa juu, povu linashuka bondeni kwenye mpunga.

La kwanza basi ni kupunguza maji na sabuni yenyewe. Mpira ulioachwa wazi hutoa lita kama 15 kwa dakika. Dakika 10 tu ni lita 150. Gari ndogo inatosheka na lita 50: ndoo ya sabuni, ndoo ya kusuuzia kitambaa, na bomba la mgongoni la lita 16, lile la kupulizia dawa shambani, lakini liwe jipya, lisiwe limewahi kutiwa dawa ya magugu. Anza kwa kulowesha gari nzima mchanga uanguke, maana mchanga ukisuguliwa na kitambaa ndio unaochora rangi. Osha kutoka juu kushuka, kila upande usuuze kitambaa kwenye ndoo ya pili kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Tairi na rimu ziwe za mwisho, kwa kitambaa chao. Fanya kivulini, juani sabuni hukauka na utatumia maji mara mbili kuitoa.

Sabuni ya unga ya nguo iacheni. Ni kali, huondoa nta inayolinda rangi. Na maji ya visima vyetu yana chokaa, hayatoi povu, kwa hiyo mtu anazidisha sabuni bila faida. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni laini, sabuni kidogo tu inatosha, wala hayaachi madoa meupe kwenye vioo. Maji ya kisima cha pwani chenye chumvi msiyatumie kabisa, yanakaribisha kutu.

Linalonitia hasira zaidi ni hili ambalo makala haikuligusa. Juzi, kwenye sehemu moja ya kuoshea magari, nimeona injini inaoshwa kwa mafuta ya taa, kisha inamwagiwa sabuni na kupigwa mashine ya presha, na maji yote meusi yanateremka kwenye shimo lililochimbwa katika jiwe. Mwenye sehemu akanionesha lile shimo kwa fahari, ati ndio karo la kuzuia mafuta. Halizuii kitu! Mafuta hutengana na maji kwa kuelea, na yanaelea pale tu maji yanapotulia. Ukishayachanganya na sabuni na presha yanavunjika kuwa matone madogo mno, hayaelei tena, yanapita na maji moja kwa moja. Grisi ifutwe kwanza kwa matambara au unga wa mbao, ikiwa kavu, na hayo matambara yawekwe kando, yasitupwe mtaroni. Mji wa Zanzibar ulinyweshwa na chemchemi ya Chemchem kwa mabomba ya Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Hatuna mto mkubwa wala ziwa la kukimbilia tukishaharibu yaliyo chini ya miguu yetu.

Na wale wanaopuliza oili chafu chini ya chesisi kuzuia kutu, nao waache. Mvua ya kwanza huisomba, inalainisha bushi za mpira mpaka zinavimba, na vumbi linaganda juu yake likashika chumvi. Kinachozuia kutu ni kuisuuza chesisi na matao ya tairi kwa maji yasiyo na chumvi kila gari inapotoka ufukweni.

Naomba Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira iweke sharti moja kwa kila mwenye kuosha magari ya biashara: sakafu ya saruji, na karo la vyumba vitatu lililosakafiwa chini. Chumba cha kwanza kishike mchanga. Cha pili kishike mafuta, na bomba la kutoka humo liwe na kona inayotazama chini, mdomo wake uzame kiasi cha nusu mita, ili lichukue maji ya chini na kuyaacha mafuta juu. Cha tatu kiwe cha kuchungulia kabla maji hayajaenda kwenye udongo. Mchanga utolewe kila wiki, mafuta yachotwe na kutiwa kwenye pipa. Na kazi hiyo ifanywe kabla ya masika, maana mvua kubwa ikikuta karo limejaa, mafuta yote yaliyokusanywa yatatoka siku moja.

Fundi magari,
Fuoni, Unguja