Barua kwa Salma kuhusu nadharia ya nyuzi

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi Salma,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu sana, na bibi yako hakosi kukuombea kila akimaliza kuswali. Karafuu zimeanza kuchumwa na mikono haina nafasi, ndiyo maana jibu langu limechelewa.

Ile video uliyonitumia niliitazama yote. Yule bwana ni msemaji hodari, lakini aliposema sayansi imeshagundua kwamba ulimwengu una dimensheni 11, yaani pande 11 za kupimia mahali na wakati, hapo hatukuelewana. Sayansi haijagundua hivyo. Wapo watu wenye akili nyingi mno wanaodhani huenda ikawa hivyo, na hesabu zao ni nzuri kweli. Wewe unayesoma fizikia chuo kikuu usikubali mambo hayo mawili yachanganywe mbele yako.

Dhana hiyo imetoka katika nadharia ya nyuzi, isemayo kwamba kila chembe ni uzi mdogo mno unaotetemeka, na chanzo chake unakijua kidogo. Mwaka 1968 mwanafizikia Gabriele Veneziano alipata fomula ya kueleza namna chembe za ndani ya kiini cha atomu zinavyogongana. Wengine wakaona kwamba fomula ile inasomeka kama habari ya nyuzi ndogo zinazotetemeka. Kwa kazi ile ya awali nadharia haikufaa, na nyingine ikashika nafasi yake. Lakini mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz wakaonyesha kwamba ndani ya hesabu zile imo chembe yenye sifa za kubeba nguvu ya uvutano. Kuunganisha uvutano na fizikia ya kwantamu, yaani fizikia ya vitu vidogo mno kama atomu, ni tatizo lililowashinda hata akina Einstein, kwa hiyo siwashangai waliovutwa. Mimi mwenyewe, ningekuwa kijana wakati ule, ningekimbilia huko huko.

Tatizo ni kwamba hesabu zile hazikai sawa katika dimensheni nne tunazozijua: urefu, upana, kimo na wakati. Zinataka 10, au 11 kwa mujibu wa Edward Witten mwaka 1995. Hizo zilizozidi zinasemekana zimejikunja, ndogo kiasi ambacho hakuna chombo kinachozifikia. Na njia za kujikunja ni nyingi mno: hesabu inayotajwa sana ni 1 ikifuatwa na sifuri 500, na kila njia inaweza kutoa ulimwengu wenye sheria zake. Sasa niambie, mwanangu, tuone nini ili tuseme nadharia hii si kweli? Ukipima chochote, pengine kuna mkunjo mmoja katika ile mingi unaokubaliana nacho.

Unakumbuka mtu akija kutoa ushahidi wa kuandama kwa mwezi? Haambiwi ahsante akaondoka. Anaulizwa aliuona wapi, saa ngapi, pembe zake zilielekea upande gani. Nadharia nayo iulizwe vivyo hivyo, hata ikiletwa na mtu mwenye heshima zake.

Nikupe kisa cha mwanafalaki Urbain Le Verrier wa Ufaransa, maana sijui kisa kinachofundisha zaidi ya hiki. Sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia yake sawasawa. Le Verrier akapiga hesabu, akasema ipo sayari nyingine inayoivuta, akataja na mahali pa kuitafuta. Johann Galle akaelekeza darubini huko akiwa Berlin, tarehe 23 Septemba 1846, akaikuta usiku ule ule, chini ya digrii moja kutoka pale palipotajwa. Ndiyo Neptuni. Baadaye Le Verrier akaona Utaridi nayo ina kasoro katika mwendo wake. Akatumia njia ile ile, na mwaka 1859 akasema kuna kitu kingine karibu na jua, kikapewa jina la Vulcan. Akatokea hata daktari mmoja aliyesema amekiona kikipita mbele ya jua! Watu wakakitafuta miaka na miaka. Le Verrier alifariki mwaka 1877 akiwa bado anakiamini, na hakikuwapo. Kasoro ile, sekunde 43 za pembe kwa kila miaka 100, ilielezwa na Einstein mwaka 1915 kwa nadharia mpya kabisa ya uvutano.

Mtu ni yule yule, na ustadi wa hesabu ni ule ule. Kilichowatenganisha Neptuni na Vulcan ni darubini tu.

Utaambiwa kwamba subira inahitajika. Ni kweli: nyutrino, chembe ndogo mno isiyo na chaji, ilitajwa na mwanafizikia Pauli mwaka 1930 ikaonekana 1956, chembe ya Higgs ilingoja kutoka 1964 hadi 2012, na mawimbi ya uvutano yalikaa karibu miaka 100 mpaka Septemba 2015. Lakini waliongoja walijua wanatafuta alama gani. Ile mashine ya kugonganisha chembe, ya kilomita 27, karibu na Geneva ilitarajiwa na wengi ioneshe chembe za supersimetri, yaani chembe wenza wa hizi tunazozijua, ambazo nadharia ya nyuzi inazihitaji. Mpaka leo haijaziona, na wenye nadharia wanasema labda ni nzito zaidi. Nishati ya kuzifikia nyuzi zenyewe, kwa makadirio ya kawaida, inaizidi ya mashine ile kama mara trilioni elfu moja.

Jambo jingine linaniuma. Nimesikia baadhi ya watu huku wakisema mbingu saba ndizo dimensheni hizo. Tafadhali usilibebe neno hilo. Dini yetu haina haja ya kuegemea nadharia ambayo kesho inaweza kuachwa kama Vulcan.

Sikukatazi kuisoma. Imezaa hisabati kubwa, na mwaka 1996 Strominger na Vafa waliitumia kuhesabu entropi (kipimo cha vurugu) ya aina fulani ya mashimo meusi, jibu likaafikiana na lile la Hawking. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa, na wanaoifanya usiwacheke. Ila mwenzako wa bweni akikuambia imethibitishwa, muulize kwa upole ilipimwa wapi na nani.

Ukija likizo njoo na daftari lako la kwantamu. Ile milinganyo uliyosema inakutesa tutaipitia pamoja baada ya isha.

Wabillahi taufiq.

Baba yako