Sarafu za Jumamosi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kabla hamjaleta sarafu zenu za kale kwa maonyesho yetu ya Jumamosi, nakuombeni sana: msizisugue. Si kwa ndimu, si kwa majivu, wala dawa ya meno. Niliwahi kuishika pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, imesuguliwa hata ile picha yake ya mizani haionekani tena. Roho iliniuma.

Zitoeni pia kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC. Kwa joto letu hutoa asidi, shaba ikafanya utando wa kijani. Bahasha za karatasi isiyo na asidi ninazo. Kabati la vioo nitalitilia silika, zile punje za kunyonya unyevu, maana hewa ya bahari inakula.

Ukutani tutabandika picha za hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zilizopatikana 1984.