YAH: Malalamiko kuhusu kikao cha msaada cha Jumanne na mchoro wangu ulioharibiwa

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa leo heshima hiyo naishikilia kwa nguvu. Namba za tiketi zangu tatu mnazo. Masharti ya msaada mnayajua, maana mliyaandika wenyewe. Kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye kilichoniuma.

Jumanne alasiri nilimpa mtumishi wenu wa msaada ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta yangu, ninakochorea ramani za nyumba kwa programu yenu. Akashika kipanya kutoka huko aliko, akafungua faili jipya tupu, akachora kuta nne. Chumba kikafunga, sakafu ikajaa rangi. Akaniambia: “Unaona? Programu haina tatizo. Tatizo ni mchoraji.” Nikamwomba arudi kwenye mchoro wangu, ule wenye shida. Akajibu kwamba muda wa kikao umekwisha, akakata. Sijainuka hata kitini, barua pepe yenu ikaingia: tiketi imetatuliwa, mteja ameridhika.

Mteja ni mimi, na sijaridhika.

Tatizo lenyewe nililieleza tangu tiketi yake ya kwanza, kwa picha na kwa vipimo. Kuta za sebule hazishikani kwenye kona. Ukitazama kwa mbali zinaonekana zimegusana vizuri. Ukivuta karibu, ncha zimeachana na katikati kuna mwanya. Na mnajua programu yenu inavyofanya: kuta zisipofunga mzunguko, haitambui kwamba pale pana chumba. Hakuna sakafu, hakuna dari, na kwenye orodha ya vyumba eneo linasoma 0.00. Sebule nzima, chumba kikubwa kuliko vyote katika nyumba ile, inasoma sifuri. Ukigeuza mchoro kwenye mwonekano wa 3D, kuta zinatetemeka kama kitambaa kwenye upepo. Paa nalo halikukubali kukaa, kwa sababu linafuata kuta, na kuta hazikuwa na mzunguko wa kufuatwa.

Jibu la kwanza nililopata, siku ya sita, lilikuwa nisasishe draiva ya kadi ya grafiksi. Nikasasisha. Jibu la pili, niondoe programu na kuisakinisha upya. Nikafanya hivyo pia, na hakuna aliyenitahadharisha kwamba mipangilio ya aina za kuta na maktaba ya milango na madirisha niliyoijenga kwa miaka sita ingefutika. Ilifutika. Kuta hazikushikana.

Sasa sikilizeni chanzo chake, ambacho nilikitafuta mwenyewe usiku wa Jumatano, baada ya mtu wenu kunihukumu. Nilibofya kona ya sebule nikasoma namba zake. X, yaani umbali wake kuelekea mashariki, ilikuwa 512,338,432. Nusu bilioni na zaidi, kwa milimita! Mchoro wa kiwanja ulitoka kwa mpima ardhi ukiwa na koordineti (namba za mahali) za UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima mahali kwa mita, na katika UTM mstari wa kati wa kila kanda hupewa mita 500,000 kuelekea mashariki. Kwa mpima ni namba ya kawaida kabisa. Programu yenu iliupokea mchoro ule bila onyo lolote, ikauweka huko huko mbali, mamia ya kilomita kutoka nukta ya sifuri, nami nikachora nyumba juu yake kama mwongozo wenu unavyoelekeza.

Nikapima mianya mmoja mmoja. Wa kwanza milimita 32. Wa pili 32. Wa tatu 64. Aliyewahi kugusa hesabu za kompyuta anajua namba hizi zinasema nini. Namba ya desimali inayotunzwa kwa biti 32, yaani kwa sifuri na moja 32 tu, hubeba takriban tarakimu saba tu za uhakika, na ikifika nusu bilioni haiwezi kusogea kwa milimita moja moja. Inaruka 32 kwa mpigo. Kona zangu zilikuwa zinarushwa. Nilipouhamisha mchoro wote hadi karibu na sifuri, kisha nikavuta upya ncha za kuta zilizobaki, zilinasana mara moja. Nikachora upya zilizokosekana, nazo zikashika. Mita 5.8 kwa 4.2, eneo likasoma 24.36. Mtetemo kwenye 3D ukaisha palepale.

Sasa rudini kwenye zile kuta nne alizochora mtumishi wenu. Alizichora kwenye faili tupu, karibu kabisa na sifuri, mahali ambapo kosa hili haliwezi kutokea. Jaribio lake halikugusa tatizo hata kidogo. Na kwa jaribio hilo akaniita mchoraji mbovu.

Tena hakuniambia tukiwa wawili. Naomba nirudi hapo, kwa sababu mara ya kwanza sikueleza yote. Mteja wangu, mzee aliyeweka akiba ya maisha yake kwenye nyumba hii, alikuwa amekaa kando yangu. Nilimwalika mwenyewe, nikamwambia leo wenye programu watalimaliza. Sauti ilikuwa inatoka kwenye spika. Kabla ya kufungua lile faili tupu, mtumishi wenu alikuwa ndani ya mchoro wangu. Alichagua kuta sita za sebule na ukumbi akazifuta, akisema “tuone zinavyorudi.” Hazikurudi. Ukuta ukifutwa huondoka na milango na madirisha yake, mnajua hilo kuliko mimi. Nilimwambia, “Ndugu, tafadhali tendua kwanza.” Akasema subiri. Nikamwambia tena. Akabonyeza kuhifadhi, juu ya faili langu, akafunga, ndipo akaenda kwenye faili tupu na kuchora kuta zake nne. Kisha akasema yale maneno: tatizo ni mchoraji. Mzee alinigeukia akaniuliza taratibu, “Mwanangu, kwa hiyo nyumba yangu inachorwa na mtu asiyejua?”

Nilikosa jibu. Miaka kumi na moja nachora nyumba za watu na sijawahi kuulizwa swali hilo.

Nilipotafuta nakala ya akiba, nilikuta toleo jipya la programu linatunza nakala moja tu na kuiandika upya kila baada ya dakika kumi. Toleo la zamani lilitunza tano. Mliipunguza bila kututangazia. Na toleo la zamani siwezi kulirudia, kwa sababu faili likishahifadhiwa kwenye jipya, la zamani halilifungui tena.

Kuna na jambo la ngazi, ambalo ndilo lilikuwa tiketi ya kwanza kabisa, kabla ya haya ya kuta, na hadi leo halijajibiwa kwa maana. Kutoka sakafu hadi sakafu ni milimita 3000. Niliomba vipandio 18, yaani kila kimoja 166.7 hivi. Programu ikakata desimali, ikatoa vipandio 17 vya milimita 166, kisha ikalitupa baki lote kwenye kipandio cha mwisho: 178. Tofauti ya milimita 12 kwenye ngazi moja! Mguu wa mtu hujifunza kimo cha ngazi kwa hatua mbili tatu za mwanzo, na baada ya hapo hautazami tena. Kanuni za IRC zinazotumika Marekani kwa nyumba za makazi haziruhusu tofauti izidi milimita 9.5, na mwongozo wenu unajisifu kwamba zana ya ngazi inafuata kanuni hizo. Jibu lenu lilikuwa “rekebisha kwa mkono.” Mimi nimeliona kosa hili. Asiyeliona atalijenga kwa zege, na mzee kama yule atajikwaa juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote pa kujikwaa.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka mambo mawili: tiketi ifunguliwe upya, na niombwe radhi kwa maandishi. Nikisoma nilichoandika naona hayo hayatoshi. Nataka pia mnirudishie ada yote ya usajili wa mwaka huu, pamoja na malipo ya saa 19 nilizotumia kuchora upya kuta alizofuta mtu wenu na kujenga upya maktaba iliyofutika kwa kufuata maelekezo yenu. Nataka mnipe njia ya kutoa mafaili yangu yote katika muundo ambao toleo la zamani linaufungua, ili nisifungwe kwenu kwa kazi yangu mwenyewe. Programu itoe onyo mtu anapoingiza mchoro ulio mbali na sifuri, na ijitolee kuusogeza. Kimo cha vipandio kigawanywe sawa, bila kukata desimali.

Na zaidi ya yote, nataka barua rasmi yenye saini yako, Ndugu Mkurugenzi, iende kwa mteja wangu. Iseme wazi kwamba kosa lilikuwa la programu na kwamba kuta zilifutwa na mtumishi wenu. Jina langu lilichafuliwa mbele yake, na mbele yake ndipo litakaposafishwa. Hili halina mbadala. Msinipe punguzo la mwaka ujao wala mwezi wa bure.

Mwanzoni mwa kikao mfumo wenu ulitangaza kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Nami nilikuwa narekodi skrini yangu. Ninayo dakika zote 41, pamoja na kuta sita zikipotea na sauti yangu ikiomba mara mbili. Ombi langu la kwanza liko dakika ya 26. Maneno ya “tatizo ni mchoraji” yako dakika ya 38.

Nawapa siku 14 tangu siku mtakayopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi kwa kila nililolitaja, nitaiagiza benki isimamishe malipo yenu, malalamiko haya yatafika kwa wanaolinda haki za watumiaji pamoja na rekodi yote, na mwanasheria wangu ndiye atakayewasiliana nanyi, kwa madai makubwa kuliko haya. Wachoraji wenzangu wanaotumia programu hii wananiuliza kila siku ilikuwaje. Hadi sasa nimewaambia wasubiri nisikie kauli yenu.

Tafadhali msinijibu kupitia tiketi. Tiketi mlishaifunga.

Wako,

Mchoraji wa ramani za nyumba,
mteja wenu kwa miaka sita

Viambatisho: picha za mianya ya kona zikiwa na vipimo, picha ya ngazi, nakala ya barua pepe ya “mteja ameridhika.”